Utambi wa karabai ulivyonishinda

Nilitaka kutengeneza chumba cha ukungu, kisanduku kinachoonyesha njia za chembe za mnururisho. Barafu kavu (kaboni dayoksaidi iliyogandishwa) ya kukipoza niliitafuta Malindi hadi nikachoka. Mwishowe nikabebanisha vibati viwili vya Peltier, vile vinavyopoza kwa umeme, na joto lao nikalituliza kwa barafu yenye chumvi kutoka kwa wauza samaki. Juu nikaweka bati jeusi, kisha kisanduku cha kioo chenye sponji ya alkoholi upande wake wa juu, ndani. Spiriti ya duka la dawa ilinipotezea wiki nzima, kumbe ina maji. Nilipopata isopropanoli, alkoholi ya aina nyingine, ya asilimia 99, ukungu ukatanda.

Wazo ni la mwanafizikia C.T.R. Wilson, aliyepata Nobeli mwaka 1927. Chembe ya mnururisho ikipita hung'oa elektroni hewani, na mvuke hugeuka vitone pale ilipopita. Unauona mkia wake.

Chembe zenyewe nilizitaka kwenye utambi wa karabai, uliokuwa ukitiwa thoriamu, metali yenye mnururisho, ili ung'ae. Nilioununua dukani haukuonyesha kitu. Tambi nyingi za siku hizi zina itriamu, isiyotoa mnururisho. Ami yangu, aliyevua dagaa usiku miaka mingi, akanitolea mmoja wa zamani ambao haujawashwa. (Ukiuwasha hubaki majivu, na majivu hayo si ya kuvuta puani.)

Nikauingiza mzima. Kisanduku kikawa cheupe chote, mistari ikapandana, mvuke ukaisha. Nikaukata, nikaukata tena, hadi ukabaki uzi wa urefu wa ukucha. Hapo mistari minene ya sentimita chache ikaanza kutoka mmoja mmoja. "Mwanangu," Ami akasema, "kama mtu arushaye mshipi."

Wanafizikia wa Jefferson Lab, maabara ya chembe huko Virginia, Marekani, hawawezi kupunguza utambi. Wanautaka mwale mkali wa elektroni, maana tukio wanalolitafuta ni adimu. Chumba cha nyaya, kifaa cha gesi na waya nyembamba za kunasia chembe, alichokibuni Georges Charpak mwaka 1968, hulemewa hapo: ioni chanya (atomi zilizong'olewa elektroni) huenda polepole, zikirundikana hudhoofisha nguvu ya umeme kandokando ya waya. Mwaka 1997, huko CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, Fabio Sauli akatoa GEM (kizidisha elektroni katika gesi), utando wa plastiki wa mikromita 50, shaba pande zote mbili, wenye vitundu vya mikromita 70 hivi. Kila kitundu huzidisha elektroni zake kivyake, kwa hiyo GEM huhimili mwale mkali kuliko nyaya.

Mimi bado niko kwenye ukungu. Ikifika saa nne asubuhi barafu imekwisha sokoni, na unyevu wa bahari umeshatia jasho kioo changu.