Kozi Saba, Bilauri Saba

Jumamosi iliyopita mimi na dada yangu mkubwa tulikaa mezani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na dakika arobaini, tukala mlo wa kozi saba, kila kozi ikiandamana na kinywaji kilichochaguliwa kwa ajili yake peke yake. Mimi niliandaliwa mvinyo. Yeye hanywi pombe, kwa hiyo aliandaliwa chai na sharubati kwa mpangilio uleule. Nimewahi kula vizuri na nimewahi kunywa vizuri, lakini ni mara chache nimeona chakula na kinywaji vikishirikiana kiasi kwamba ukiondoa kimoja, kingine kinabaki pungufu. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa kuwa wengi niliozungumza nao huamini kwamba bilauri zile ni pambo la kuongezea bili.

Mchana niliuchagua kwa makusudi. Ulimi huwa bado haujachoshwa na shughuli za siku nzima, mwanga wa dirishani hukuwezesha kuona rangi halisi ya kinywaji, na tumbo hupata saa nyingi za kufanya kazi yake kabla hujalala. Mlo wa jioni una uzuri wake, ila mara nyingi nimefika kozi ya tano usiku nikiwa nakula kwa heshima ya mpishi tu, si kwa hamu.

Kula kozi moja baada ya nyingine si jambo la kale kama tunavyoweza kudhani. Katika meza za wakubwa wa Ulaya ilikuwa kawaida kutandaza vyakula vingi kwa pamoja, kila mgeni akajipakulia kilicho karibu naye, na vingi vikapoa kabla ya kufikiwa. Utaratibu wa kuleta sahani moja moja, uliokuja kuitwa wa Kirusi, ulienea Ulaya Magharibi katika karne ya 19, na anayetajwa sana kwa kuuingiza Paris ni Alexander Kurakin, balozi wa Urusi mjini humo. Bila mabadiliko hayo, kuoanisha kinywaji na chakula kungekuwa vigumu mno, kwani huwezi kuchagua bilauri moja itakayofaa samaki, nyama na tamutamu vilivyoko mezani wakati mmoja.

Tulianza na chaza wawili wawili juu ya barafu. Mimi nilimiminiwa mvinyo wenye mapovu, wa aina inayochachushwa mara ya pili ndani ya chupa, ambako gesi hujibana hadi kufikia mgandamizo unaozidi mara mbili ule wa tairi la gari. Mapovu yake yalikuwa madogo sana, nayo yaliusafisha ulimi chumvi ya bahari kila nilipokunywa, hata chaza wa pili akawa mtamu kama wa kwanza. Dada alipewa sharubati ya tufaha yenye gesi, chachu kweli, nayo ilifanya kazi hiyohiyo. Kozi mbili zilizofuata, bitiruti kwa jibini laini la mbuzi na supu ya uyoga, zilikuwa nzuri bila ya kunishangaza, ingawa Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe mchachu, na jibini la mbuzi ni ndoa ambayo sijawahi kuona ikivunjika.

Kozi ya nne ilikuwa na kasoro, na ninaitaja kwa sababu inafundisha. Samaki aliletwa akiwa na mchuzi wa siagi unaong'aa, lakini bilauri zilikuwa bado tupu. Tulisubiri dakika sita hivi. Nilikuwa nikiutazama mchuzi ule ukianza kufanya utando mwembamba pembezoni, na Chardonnay, mvinyo mweupe wangu, ilipofika hatimaye, kilichokuwa sahanini hakikuwa tena kile ambacho mpishi alikikusudia. Uchachu wa mvinyo huikata siagi iliyo moto na laini; siagi iliyoanza kuganda hubaki imetanda kwenye ulimi. Kwa maoni yangu kinywaji hakina budi kutangulia sahani, hata kwa dakika moja, na ukumbi ambao hauwezi kuhakikisha hilo ni bora upunguze idadi ya kozi.

Halafu ikaja kozi ya tano, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Mhudumu wa vinywaji alinimiminia Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu, iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni, akatuomba kila mmoja aonje kinywaji chake kabla ya chakula. Nilionja. Ukakasi ulinishika kuanzia kwenye fizi hadi nyuma ya ulimi, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi, nikajiuliza kimoyomoyo kama chupa ile ilikuwa imefunguliwa mapema mno kuliko umri wake. Ndipo ikawekwa nyama ya mwanakondoo: vipande vitatu, ndani vya rangi ya waridi, ukingoni vikiwa na mstari wa mafuta uliokaangwa hadi ukawa mkavu unaovunjika. Nilikata, nikatafuna taratibu, nikanywa tena. Ukakasi ulikuwa umetulia kabisa. Mahali pake palikuwa na ladha ya matunda meusi yaliyoiva, na nyuma yake harufu kama ya mbao mpya.

Mvinyo haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni kinywa changu. Ukakasi huo hutokana na tanini, ambazo hupatikana kwenye maganda na mbegu za zabibu na kwenye mbao za pipa. Tanini hunasa protini zilizomo kwenye mate, mate hupoteza utelezi wake, nasi tukahisi ulimi umekauka. Nyama inapoingia na mafuta na protini zake, tanini hupata kitu kingine cha kushikamana nacho, na chumvi ya nyama nayo hupunguza makali ya uchungu. Kwa upande wa pili, mafuta ambayo yangekukinaisha baada ya matonge machache hukatwa na mvinyo, ukawa tayari kwa kipande kinachofuata kana kwamba ndio kwanza unaanza.

Kilichonifurahisha zaidi ni bilauri ya dada. Alipewa chai nyeusi iliyokaushwa kwa moshi wa misonobari, ile iitwayo Lapsang souchong ya mkoa wa Fujian nchini China, ikiwa imepozwa na haina sukari hata chembe. Kwa kawaida dada hanywi chai bila sukari, kwa hiyo alipoonja mara ya kwanza alikunja uso. Baada ya kipande cha nyama alikunywa tena, akanyamaza, akanitazama.

"Mdogo wangu, hii ndiyo chai ileile?"

"Ndiyo hiyohiyo, dada. Hata yangu imefanya hivyo."

Chai nyeusi nayo ina tanini, kwa hiyo kanuni iliyokuwa ikifanya kazi kwenye bilauri yangu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kwenye yake, na moshi ukaongeza kile ambacho mvinyo wangu haukuwa nacho. Tangu hapo nimeacha kuvihesabu vinywaji visivyo na pombe kuwa ni vya kumfariji asiyekunywa.

Jibini la bluu lilifuatana na Sauternes, mvinyo mtamu wa kusini mwa Bordeaux. Zabibu zake hushambuliwa na kuvu aitwaye Botrytis cinerea, ambaye hutoboa ganda, maji yakatoka kwa kukauka, sukari na uchachu vikabaki vimekolea. Chumvi kali ya jibini na utamu ule vilikutana bila kimoja kukimeza kingine, nami nilikula polepole kupita kiasi ili visiishe.

Kwa atakayependa kujaribu, azingatie kiasi. Bilauri ya namna hii huwa na kati ya mililita 60 na 90. Bilauri saba za mililita 75 ni mililita 525, yaani saba ya kumi ya chupa ya kawaida ya mililita 750. Nilikunywa bilauri ya maji kati ya kila kozi, mvinyo kadhaa niliuacha nusu, na hakuna aliyekuja na gari.

Tamutamu ilikuwa chokoleti nyeusi chungu, mimi nikiwa na port, mvinyo mtamu wa Ureno, kwa maana kinywaji kikizidiwa utamu na chakula huonekana kichachu na chembamba. Dada aliletewa kahawa baridi, lakini hakuigusa. Alikuwa amebakiza chai yake ya moshi tangu kwenye nyama, amekataa bilauri isiondolewe, akaionja pamoja na chokoleti kisha akanisogezea. Moshi ulikaa juu ya uchungu wa kakao, ukabaki hapo muda mrefu baada ya kumeza. Tulimwita mhudumu wa vinywaji, naye aliomba ruhusa, akaonja kwa kikombe kidogo, akatoa daftari mfukoni na kuandika.