Gia ya tatu ikianza kuruka, toa hiyo giaboksi

Nimeona pikapu nyingi za viazi hapa Nakuru ziko na kipande cha blada (mpira wa tyubu) kimefungwa kutoka kwa mkono wa gia mpaka chini ya kiti, na ukiuliza dereva anakuambia ni ya kushikilia gia ya tatu isitoke, ameshazoea. Mimi naomba tuache kuzoea hiyo kitu. Gari ikitoka Molo na mzigo ikaingia Mau Summit, ianze kushuka Migaa, Sachangwan mpaka Salgaa, injini ndio inasaidia breki kushikilia ule uzito, na siku gia itatoka katikati ya mteremko unabaki fri kama yale malori tunalalamikia kila siku, breki ziko peke yake na zinapata moto mpaka zinaisha nguvu. Sisi wa huku tunaijua hiyo barabara. Desemba 31, 2017 ajali moja pale Migaa iliua watu 36.

Yetu ni Hilux ya miaka ya tisini, dizeli, injini ya 2L ile ya cc 2446, gia tano, inasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Mzee wangu ndiye huiendesha sana. Gia ya tatu ilianza kuruka, yaani kujitoa yenyewe, ukitoa mguu kwa mafuta ukishuka, baadaye ikawa hata kwa tambarare, na yeye akawa anaendesha mkono mmoja kwa usukani na mwingine umekandamiza gia. Hapo nikasema hapana.

Lakini gia ikiruka usikimbilie kununua giaboksi. Kwanza angalia maunti (zile raba za kushikilia), za injini na ile ya nyuma ya giaboksi, kwa sababu raba ikiisha giaboksi inacheza na hiyo peke yake inaweza kuvuta gia itoke. Hiyo ni kazi ya pesa kidogo. Angalia pia ile bushi ya chini ya mkono wa gia. Zetu zilikuwa sawa, ndio fundi akasema tumwage oili tuone.

Oili ilitoka nyeusi, na ile harufu nzito unajua tu, halafu akainamisha beseni kwa jua na tukaona unga wa rangi ya dhahabu unatembea ndani polepole. Hiyo ni shaba ya ringi za sinkronaiza, zile za kulinganisha spidi ili gia iingie bila kukwaruza, imesagika. Kwa sumaku ya bolti ya chini kulikuwa na vipande vya chuma, si ule uji mweusi wa kawaida, vipande vyenyewe, vingine kama punje ya mchele. Fundi akavisugua kwa vidole, akamgeukia mzee: "Mzee, hii nikikufungia tena nitakuwa nimekudanganya." Namheshimu sana kwa hayo maneno, maana angeweza kubadilisha beringi moja akachukua pesa yake akanyamaza. Tulipoifungua baadaye tuliona ile slivu ya gia ya tatu na ya nne (ringi inayoteleza kushika gia) meno yamekuwa butu kabisa, hayana kitu ya kushika, na foku ya kuisukuma imelika upande mmoja.

Sasa kutafuta ingine. Ukisikia eksi-Japani, yaani iliyotumika Japani, usidhani ni lazima iko sawa. Kwanza soma kile kibao cha chuma kwa injini rumu, kuna mahali pameandikwa herufi za giaboksi ya gari yako, enda na picha yake kwa simu. Usikubali kuambiwa zote ni moja, kwa sababu giaboksi ya injini ya petroli ya 22R na ya dizeli zinaweza kufanana kwa macho lakini ile kengele ya mbele inayofungwa kwa injini matundu yake hayaingiliani. Hesabu meno ya shafti ya mbele ulinganishe na klachi pleti yako. Zungusha shafti kwa mkono ukiingiza gia moja moja, usikilize, halafu ishike uitingishe, ikicheza sana juu chini beringi imeenda. Pitisha kidole kwa masikio ya bolti uone kama kuna ufa ama mahali palichomewa. Na muuzaji akikataa ufungue bolti ya oili, ondoka, hata kama bei ni tamu.

Kazi yenyewe ni ya piti (lile shimo la kusimama chini ya gari), na kama hakuna piti basi stendi za chuma na mawe nyuma ya magurudumu, jeki peke yake isikubebee gari juu ya kifua chako. Toa waya ya betri, mkono wa gia kwa ndani, propela shafti inayoenda nyuma (weka alama ya rangi kwa flanji, pale inapofungwa, irudi vile ilikuwa), kebo ya spidi, waya ya taa ya rivasi, stata. Silinda ya klachi ya chini ifungue na mpira wake uining'inize pembeni, usifungue paipu kama hutaki kazi ya kutoa hewa. Halafu krosimemba (chuma cha chini kinachobeba giaboksi), halafu bolti za kengele.

Kitu moja mafundi wengi hapa hawajali na inaniuma: wanaacha giaboksi yote ining'inie kwa shafti ikiwa ndani ya klachi wakitafuta spana. Ule uzito unapinda klachi pleti na utakuja kulaumu giaboksi mpya. Fundi wetu alikata vichwa vya bolti mbili ndefu, akazifunga kwa injini kama reli, giaboksi ikateleza juu yao ikiingia na kutoka. Klachi tuliiweka katikati kwa kutumia shafti ya ile giaboksi ya zamani. Na ikibaki kidogo haiingii, usiivute na bolti, itapasua sikio, itoe upange klachi upya.

Ukiwa umefika hapo ndani badilisha relisi beringi inayosukuma klachi, ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, na sili ya nyuma ya injini kama inatoa jasho. Hizo spea ni kidogo ukilinganisha na kushusha giaboksi tena.

Oili tuliweka ya giaboksi, daraja la GL-4, uzito wa 75W-90. Dukani watakusukumia GL-5 wakisema ni kali zaidi, lakini hiyo ni zaidi ya difu (gia za ekseli ya nyuma), kwa giaboksi ya zamani yenye ringi za shaba inaweza kuleta shida. Jaza mpaka ianze kutiririka kwa tundu la pembeni gari ikiwa imelala sawa.

Tulijaribu kwanza magurudumu yakiwa juu, gia zote na rivasi, halafu ile barabara ya kushuka kutoka Menengai, tatu, mguu nje ya mafuta, mkono nje ya gia. Imekaa. Mzee alirudia mwenyewe bila kusema kitu, halafu akakata ile blada na kisu. Wiki hii anabeba nusu mzigo tu, na akimaliza safari za kwanza tutamwaga hiyo oili mapema tuone sumaku inasema nini.