Julai Yetu Katika Miji ya Amerika Kusini

Kwa sisi tunaoishi Houston, Julai ni kiangazi. Lima, Santiago na Buenos Aires, Julai ni katikati ya majira ya baridi. Jambo hilo moja ndilo lililoamua karibu kila kitu katika safari yetu ya mwaka 2025: tuanzie wapi, tupite njia gani, tulale wapi, hata tule saa ngapi. Tulikuwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu aliyevuka miaka sabini. Mama amekulia Mombasa na hakuhitaji kuelezwa. Alipowaona wajukuu wakitoa nguo za kuogelea kabatini aliwaambia, "Huko ni kusini ya ikweta kama kwetu. Julai ni kipupwe. Tafuteni masweta kwanza."

Kabla ya kutazama bei ya tiketi hata moja, nilichora kalenda ya Juni na Julai kwenye karatasi kubwa na kuandika likizo za kule, nchi kwa nchi. Nawashauri wote wenye watoto waanzie hapo. Tarehe 24 Juni Cusco, mji wa milimani huko Peru, hujaa kwa sherehe za Inti Raymi, sikukuu ya jua. Tarehe 28 na 29 Julai Peru husherehekea uhuru wake, na wenyeji wenyewe husafiri kwa wingi, kwa hiyo mabasi na hoteli hupanda bei. Argentina hufunga shule wiki mbili za majira ya baridi, kila jimbo kwa zamu yake, na kwa Buenos Aires huwa ni nusu ya pili ya Julai. Brazil nayo huwa na likizo ya shule mwezi huohuo. Karatasi ilipokamilika, njia ilijichora yenyewe: Peru baada ya Inti Raymi, Santiago, Buenos Aires kabla shule zao hazijafungwa, kuvuka kidogo Uruguay, na kumalizia Rio de Janeiro. Msongamano wa Rio haukuwa na namna ya kuukwepa, hivyo malazi ya Rio ndiyo niliyoyalipia mwanzo kabisa, miezi mingi kabla ya mengine.

Tiketi kubwa ilikuwa ya kuingilia Lima na kutokea Rio, kwenye uhifadhi mmoja. Kurudi Lima ili tu kupanda ndege ya nyumbani kungekula siku na pesa zetu, maana bara lile ni pana kuliko ramani za ukutani zinavyoonyesha. Lima hadi Santiago peke yake ni saa tatu na nusu hivi angani. Kati ya Santiago na Argentina kuna basi linalopanda Andes hadi Mendoza, na wengi hulisifu kwa mandhari, lakini Julai theluji hufunga barabara ile ya mpakani, pengine siku kadhaa mfululizo. Nikiwa na mzee na watoto sikutaka kukesha mlimani nikisubiri barabara ifunguliwe. Tukapanda ndege, saa mbili tu.

Hati zilinichukulia muda mrefu kuliko nilivyodhani. Sote tunasafiri kwa pasipoti za Marekani, na tangu tarehe 10 Aprili 2025 Brazil inawataka wenye pasipoti hizo wawe na viza, watoto wakiwemo. Huombwa kwa njia ya mtandao na ada yake ilikuwa dola 80.90 kwa kila mtu; kwa watu sita hiyo ni pesa inayotakiwa iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Anayesafiri na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda aanze na balozi za nchi zote anazotaka kupita, kabla ya kulipia chochote, kwa sababu masharti hubadilika kutoka pasipoti hadi pasipoti. Tulibeba pia vyeti vya kuzaliwa vya watoto pamoja na tafsiri zake za Kihispania.

Halafu kuna homa ya manjano. Kwa Lima na Cusco chanjo haihitajiki, lakini kwa mkoa wa Rio inashauriwa, na inatakiwa ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Sisi watu wazima tulikuwa na zile kadi za manjano tulizochanjiwa Kenya zamani, na tangu Julai 2016 kadi hiyo inahesabika kuwa ya maisha yote, hata kama imeandikwa miaka kumi. Hilo lilinifariji sana kwa upande wa mama, kwa kuwa madaktari huwa waangalifu kumpa chanjo hiyo kwa mara ya kwanza mtu aliyepita miaka 60. Watoto ilibidi tuwatafutie kliniki ya wasafiri, maana si kila kliniki Marekani ina idhini ya kuitoa.

Sasa Cusco. Hapa ndipo nilipotumia akili yangu yote, kwa ajili ya mama. Mji huo uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa: ni juu ya kambi ya Mandara na chini kidogo ya Horombo. Mpandaji hufika Horombo kwa miguu siku ya pili, mwili ukiwa umeanza kuzoea. Abiria wa ndege hutoka Lima, kando ya bahari, na baada ya saa moja na kitu anashuka Cusco na mabegi yake. Kichwa kinagonga, pumzi zinakata, wengine wanatapika. Wenyeji huuita ugonjwa huo soroche.

Tulimpeleka mama kwa daktari wake kwanza, akapimwa, akaruhusiwa, akapewa maelekezo ya dawa zake za presha. Kisha nikageuza ratiba ambayo wageni wengi huifuata. Badala ya kulala Cusco usiku wa kwanza, gari lilitungoja uwanjani na kutushusha moja kwa moja hadi Ollantaytambo, kwenye Bonde Takatifu, mita 2,800 hivi. Tukalala huko siku za mwanzo, tukapanda treni kwenda Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka, ambayo iko chini zaidi, mita 2,430, na Cusco tukaiweka mwisho, miili ikiwa imezoea. Mama alitembea polepole kwenye mawe ya Ollantaytambo, akinywa chai ya majani ya koka kila alipokaa, na hakuugua. Ile chai ni halali Peru na humiminwa kila hoteli, ila majani yake yasiingie kwenye begi la kurudi nyumbani: Marekani ni marufuku, hata yakiwa kwenye vifuko vya chai. Usiku wa Julai kule hukaribia nyuzi sifuri, ilhali mchana jua ni kali, kwa hiyo kila mtu alivaa tabaka tabaka na kuvua kadiri siku inavyopanda.

Kuhusu malazi nina jambo ambalo natamani kila familia ilijue. Peru, Chile na Argentina huwasamehe wageni kodi ya ongezeko la thamani kwenye hoteli. Kodi hiyo ni asilimia 18 Peru, 19 Chile na 21 Argentina. Chumba ambacho Argentina kabla ya kodi ni dola 100, mwenyeji hulipa 121, na mgeni anayetimiza masharti hulipa 100. Masharti yenyewe si magumu: Peru wanataka waone pasipoti na kumbukumbu ya kuingia nchini, Chile ulipe kwa dola au kwa kadi ya benki ya nje, Argentina ulipe kwa kadi ya nje. Lakini tovuti za kuhifadhi hoteli hazifanani. Moja inaonyesha bei yenye kodi, nyingine isiyo nayo. Kwa hiyo kila hoteli niliiandikia ujumbe mfupi kwa Kihispania cha kuunga: tu wageni, tuna pasipoti, tutalipa kwa kadi ya nje, je, bei hii ina kodi ndani? Majibu yao niliyahifadhi kwenye simu na kuyaonyesha mapokezi. Nyumba za kupangisha za watu binafsi nyingi hazina msamaha huo, kwa hiyo usizilinganishe na hoteli kabla hujafanya hesabu hii. Sisi tulikaa kwenye hoteli za vyumba vyenye jiko, ambazo Santiago na Buenos Aires ziko tele, na jiko ni muhimu mkiwa na watoto.

Chile ina jambo lake mpakani. Idara yao ya kilimo, SAG, haitaki tunda bichi, mbegu, nyama wala asali kutoka nje, na kila abiria hujaza tamko. Asiyetangaza ndiye anayetozwa faini. Aliyetangaza, kitu kikiwa hakiruhusiwi, huchukuliwa tu. Lima, kwenye viti vya kungojea ndege, nilimwaga begi la kila mtoto na tukala machungwa yote palepale. Mama alikuwa na bizari ya pilau ndani ya kikopo, haachani nayo. Tukaitangaza. Ofisa alifungua kifuniko, akanusa, akamtazama mama, akanusa tena, kisha akamrudishia kwa mikono miwili. Jioni hiyo Santiago tulikula pilau, dirishani Andes ikiwa nyeupe tupu kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na kuosha ule moshi ambao majira ya baridi huufunika mji. Kwa siku za Santiago sina mengi ya kuongeza, zaidi ya kwamba watoto waligusa theluji Farellones, mwendo wa saa moja na ushei kutoka mjini, na tulienda katikati ya wiki ili kukwepa magari ya wikendi.

Buenos Aires ina viwanja viwili vya ndege: Ezeiza, ulio mbali nje ya mji, na Aeroparque, ulio mjini ukingoni mwa mto. Unapolinganisha tiketi, tazama jina la uwanja kabla ya bei. Ndege ya Santiago inayotua Aeroparque iliniokolea teksi ndefu na watoto waliochoka.

Kilichohitaji mpango kuliko usafiri ni chakula. Migahawa mingi hufungua jikoni saa mbili usiku, na watu hujaa saa tatu au saa nne. Mwanangu mdogo hulala saa mbili. Nikafuata ratiba ya wenyeji wenye watoto: mlo mkubwa uwe wa mchana, saa saba hivi, nyama choma na saladi; jioni saa kumi na moja wao huwa na chai yao, merienda, na mikahawa yote iko wazi. Humo watoto wangu walikutana na submarino. Huletwa glasi ya maziwa ya moto sana na kipande cha chokoleti kando. Mtoto hukitumbukiza mwenyewe, hukitazama kikizama na kuanza kutoa michirizi ya kahawia, halafu hukoroga kwa kijiko kirefu. Pamoja na medialuna (vitumbua vya ngano vya umbo la mwezi mchanga, vya kuoka) mbili tatu, hicho kilikuwa chakula cha jioni, na saa mbili kila mtu alikuwa kitandani ameshiba.

Uruguay tuliivukia kwa feri hadi Colonia del Sacramento, kama saa moja na robo majini. Wepesi wake ni kwamba muhuri wa kutoka Argentina na wa kuingia Uruguay hupigwa pamoja, Buenos Aires, kabla ya kupanda. Mji mkongwe wa Colonia ulianzishwa na Wareno mwaka 1680, wakati Wareno haohao wangali ndani ya Fort Jesus. Mama aligusa kuta zake na kuwaeleza wajukuu habari za ngome ya nyumbani. Walimsikiliza kwa makini kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Rio ndiko zilikovaliwa zile nguo za kuogelea, kwani Julai pale mchana hufika nyuzi 25 hivi. Tulipanda vilima vya Corcovado na Pão de Açúcar kama kila mgeni. Ila siku niliyoipanga kwa moyo wote ilikuwa ya bandarini, kwenye gati la Valongo. Lilijengwa mwaka 1811 kupokea Waafrika waliotekwa utumwani. UNESCO inakadiria kwamba wapatao 900,000 waliingilia hapo. Wengi walitoka Kongo na Angola, lakini karne ya 19 meli zilitoka pia Msumbiji, pwani yetu hii ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1843 gati lilifukiwa ili kujenga jingine la kumpokea malkia mpya wa Brazil, na halikuonekana tena hadi mafundi walipofukua mtaa mwaka 2011. Sasa yanaonekana mawe ya matabaka yote mawili, lile la juu lililonyooka na lile la chini lisilo sawa. Binti yangu mkubwa alisoma kibao chote, akamwuliza bibi yake kama na sisi tungeweza kuletwa hapa. Mama akasema, "Ndiyo, mjukuu wangu. Na waliobaki huku ni ndugu." Nimefurahi kwamba nilipanga siku nzima bila kitu kingine, kwa sababu maswali ya watoto hayakwisha upesi. Mchana tukala angu, unga wa mahindi uliosongwa laini kuliko ugali wetu, na mihogo ya kukaanga.

Miji miwili niliikata tangu kwenye ile karatasi. La Paz iko juu hata kuliko Cusco, na uwanja wake wa ndege umepita mita 4,000; kwa mama hilo halikuwa la kujadiliwa. Salvador da Bahia iliniuma zaidi kuiacha, lakini katikati ya mwaka huko ni mvua, na kuibana kwenye siku mbili za mwisho kungekuwa kuidhulumu. Itabidi iwe likizo ya Desemba, wakati kule ni kiangazi, na viza za Brazil bado tunazo.