Meno meusi hatuonyeshwi

Jamani, tangu nijue habari ya meno meusi, filamu za samurai nazitazama nikicheka peke yangu. Enzi za Edo kule Japani (1603 hadi 1868), mke wa mtu alipaka meno rangi nyeusi iliyotokana na chuma kilicholowekwa kwenye siki. Akishazaa, na nyusi ananyoa. Ndio urembo wenyewe! Sasa mwangalie mke wa samurai kwenye skrini: meno meupe pee, nyusi kama katoka saluni jana.

Na wale samurai wa kwenye filamu wanaodharau bunduki? Wareno walizifikisha Tanegashima, kisiwa cha Japani, mwaka 1543. Mwaka 1575, kwenye vita vya Nagashino, mbabe wa vita Oda Nobunaga akazitumia kulichakaza jeshi la ukoo hasimu wa Takeda.

Wakorea ndio hawana mchezo na historia yao kwenye skrini. Mwaka 2021 tamthilia yao ya Joseon Exorcist, inayohusu Korea ya kale, ilifutwa baada ya vipindi viwili tu, kisa mezani kuliwekwa vyakula vya Kichina, yakiwemo yale mayai meusi ya kuhifadhiwa. Watazamaji wakaja juu, wadhamini wakakimbia. Kwangu mimi walizidisha, maana hadithi yenyewe ni ya mapepo! Ila mfalme waliyemtumia, Taejong, alikuwepo kweli, na hapo ndipo nawaelewa waliokasirika.