Jumamosi Moja kwa Mwaka na Vidonge Thelathini kwa Mwezi

Kadi aliyonikabidhi nyanya mmoja ilikuwa imekunjwa mara nne na kuhifadhiwa ndani ya kifuko cha plastiki pamoja na kitambulisho chake. Nilipoikunjua nilikuta mwandiko wangu mwenyewe: tarehe ya Jumamosi moja ya mwaka uliotangulia, kipimo cha presha ya juu cha 178 kwa 104, na maelezo mafupi kwamba mgonjwa amepewa vidonge vya siku 14 na kushauriwa aende kituo cha afya. Nilimpima upya, na mashine ikaonyesha 182 kwa 106. Nilipomwuliza alikuwa akitumia dawa gani katika miezi hiyo yote, alinitazama kwa mshangao akasema, "Si ni zile mlizonipa, sista? Nilizimaliza, nikangoja mrudi."

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya kibinafsi hapa Nairobi, na kwa miaka mitano nilikuwa nimejitolea Jumamosi moja kila mwaka katika kambi ya matibabu ya bure iliyoandaliwa kwenye uwanja wa shule moja ya msingi huko Mathare. Niliipenda siku hiyo kwa moyo wote. Tulifika alfajiri, tukasimamisha mahema, tukavaa fulana za rangi moja, na kufikia jioni kila mmoja wetu alikuwa amewahudumia watu zaidi ya 60. Nilipoombwa mchango wa fedha na makundi mengine nilikuwa nikijibu kwamba mimi natoa muda wangu, kwa kuwa niliamini kuwa anayetoa jasho lake ametoa zaidi ya yule anayetuma pesa kwa simu akiwa ameketi kwenye kiti. Yule nyanya na kadi yake walinilazimisha kuichunguza imani hiyo upya.

Shinikizo la damu, yaani presha ya juu, ni maradhi yasiyokwenda na kambi ya siku moja. Kwanza, kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu kwamba anaugua. Inapasa kurudia siku nyingine, na kabla ya kupimwa mtu anapaswa kuketi akiwa ametulia kwa dakika tano hivi, miguu ikiwa sakafuni na mkono ukiwa umeegemezwa. Sisi tulikuwa tukiwapima watu waliotoka kusimama juani kwa saa mbili, na wenye mikono minene tuliwafunga mkanda uleule mdogo wa kupimia, ingawa kila muuguzi anajua kwamba mkanda unaobana hupandisha kipimo. Pili, dawa za presha haziponyi bali hudhibiti, na hudhibiti siku zile tu zinapomezwa. Mtu aliyepewa vidonge vya wiki mbili na kuachwa miezi 11 na nusu bila dawa hajapata kinga ya maana dhidi ya kiharusi. Ninaandika haya kwa uchungu, kwa sababu mikono iliyompa vidonge hivyo ilikuwa yangu.

Sisemi kwamba kila kambi haina faida. Daktari wa meno akiling'oa jino lililooza amemaliza kazi yake siku hiyohiyo, na anayemwondolea mzee mtoto wa jicho humrudishia uwezo wa kuona. Vilevile, mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia katika nyumba za kando ya Mto Mathare, kilichotakiwa kwanza ni watu wenye nguvu wa kuwabeba watoto na wazee, na hakuna pesa ambayo ingeweza kuifanya kazi hiyo badala yao. Lakini ugonjwa wa kila siku unadai msaada wa kila siku, na hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu.

Katika hospitali nyingine jijini ninaweza kufanya zamu ya ziada, ile ambayo sisi wauguzi huiita lokamu, na kwa usiku mmoja nilikuwa nikilipwa shilingi 2,000. Katika duka la dawa nililolichagua, vidonge 30 vya dawa ya kawaida ya presha vilikuwa vikiuzwa kwa shilingi 300. Usiku mmoja wa kazi ninayoijua, mahali ambapo nina vifaa na mwanga wa kutosha, ungewanunulia watu sita dawa ya mwezi mzima. Jumamosi yangu ya mwaka haikuwahi kumpa hata mtu mmoja dawa ya mwezi.

Basi nikaanza kutoa fedha, na nilianza vibaya. Nilimtumia yule nyanya na wengine watatu shilingi 300 kila mmoja kwa M-Pesa, na mwezi ulipokwisha ni mmoja tu aliyekuwa amenunua dawa. Sikuwalaumu, wala siwalaumu leo. Presha haiumi, ila njaa inauma, na mwenye nyumba hangoji. Pesa inayoingia kwenye simu ya familia huenda kwanza kwa unga na kodi, nami ningefanya vivyo hivyo. Mwezi uliofuata, wote wanne wakiwa wamekwisha kupimwa tena na kuandikiwa dawa katika kituo cha afya cha umma, nilikubaliana na mfamasia kwamba kila mmoja atapeleka kadi yake na kupewa dawa, nami nitalipa moja kwa moja.

Mpango huo ulikwenda vizuri kwa miezi miwili. Mwezi wa tatu niliwatembelea, na nyumbani kwa mama mmoja muuza omena nikaonyeshwa vidonge 51 chini ya godoro. Alikuwa akivichukua kila mwezi kwa adabu, asije akanivunja moyo, lakini alikuwa ameacha kuvimeza kwa sababu vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba. Kuvimba huko ni jambo linalojulikana sana kwa watumiaji wa dawa ile, na mara nyingi daktari akipunguza kipimo cha dawa au kuibadilisha tatizo hutulia. Nilizungumza naye kwa nusu saa, nikamsindikiza kituoni, akabadilishiwa dawa. Fedha yangu ilikuwa imelala chini ya godoro kwa kukosa nusu saa hiyo.

Hata hivyo, nilijua kwamba nusu saa hizo singeweza kuzitoa mimi kila mara, kwa kuwa ninakaa mbali na zamu zangu hubadilika kila wiki. Aliyeweza alikuwa akiishi milango minne kutoka kwa yule mama: mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban 100,000 waliopewa vifaa vya kazi na serikali mnamo Septemba 2023, ikiwemo mashine ya kupimia presha. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, nao huzunguka nyumba hadi nyumba kwa miguu. Nilimwomba ruhusa nikae naye. Kwa Jumapili nne tulipima watu pamoja. Mimi nikamweleza kuhusu mkanda, utulivu wa dakika tano na dalili za kiharusi, naye akanifundisha jinsi ya kuuliza kuhusu dawa bila mtu kuhisi anahojiwa. "Usimwulize kama amemeza," aliniambia, "mwambie akuonyeshe pakiti." Zile Jumapili nne ndizo saa zenye thamani kubwa kuliko zote nilizowahi kujitolea.

Sasa tuko wauguzi watano katika chama kidogo, na kila mmoja hutoa malipo ya lokamu moja kila mwezi. Fedha hizo hununua dawa za watu 23 pale kituo kinapoishiwa, hulipa nauli ya anayehitaji kumwona daktari, na sehemu humfikia mhamasishaji wetu kama shukrani kwa muda wake, maana si haki sisi tulipwe kwa saa zetu na zake zihesabiwe kuwa za bure. Yule nyanya alipimwa wiki iliyopita na presha yake ilikuwa imeshuka hadi 136 kwa 84.

Mwaka huu waandalizi wa kambi walinipigia simu kama kawaida. Niliwaambia kwamba sitakuja Jumamosi hiyo, nikatuma fedha za kununulia mikanda mikubwa ya kupimia, na nikaomba kila atakayekutwa na presha ya juu aulizwe kama angependa mhamasishaji wa mtaa wake amtembelee. Waliokubali walikuwa 14. Kufikia jana tulikuwa tumewafikia tisa, na wa kumi tunamtafuta upande wa Huruma, ambako majirani wanasema alihamia.