Siku moja maishani mwangu: wakala wa forodha kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa

Saa kumi na moja alfajiri. Niko kwenye teksi, mkoba wa karatasi mapajani. Kasumbalesa, mpaka wetu wa Kongo na Zambia, uko kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi. Watu hudhani wakala wa forodha ni dalali wa kugawa bahasha tu. Wacha wadhani. Shaba ya Katanga haivuki bila karatasi, na karatasi hazijitembezi.

Saa mbili hadi saa nne: madirisha, mihuri, foleni.

Saa nne na nusu. Lori la katodi, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa, kutoka migodi ya Kolwezi, safari ya Dar es Salaam kupitia Zambia. Fomu inasema namba ya lakiri, ile kufuli ya kuzuia mzigo usifunguliwe njiani, inaishia na 7. Nafuta vumbi kwenye lakiri yenyewe, pale ilipofungia waya wa turubai: inaishia na 1. Najua kilichotokea. Huku kwetu watu huandika 1 kwa Kifaransa, yenye mkia mrefu mbele, na aliyechapa fomu kule mgodini akaisoma 7.

Dereva, Mtanzania wa Mbeya, ananiambia, "Bosi, si urekebishe kwa kalamu tu?"

"Kaka, nikigusa kwa kalamu utalala Nakonde, mpakani mwa Zambia na Tanzania, hadi uoe."

Kwa hiyo tunahitaji barua kutoka mgodini. Napiga simu Kolwezi, wanasema wanaandika. Umeme unakatika, printa inazima, na jenereta ya jirani haina mafuta. Hapo ujue kwamba waya wa umeme kutoka bwawa la Inga, kilomita 1,700 hivi, ulimalizwa 1982 kwa mikopo ya Marekani ili umeme wa Mto Kongo ufike kwenye migodi ya huku. Migodi leo inanunua umeme hata Zambia. Mimi natafuta mtu mwenye mafuta lita mbili.

Katikati ya hayo mteja anapiga. Yuko ng'ambo, ofisi yake ina kiyoyozi, nakisikia.

"Kwa nini hamkupitisha mzigo kwa reli hadi bandari ya Lobito, Angola? Si Wamarekani wamekopesha dola milioni 553?"

Namweleza, pole pole kwanza. Mkopo huo ni wa reli ya upande wa Angola. Upande wetu, kutoka Kolwezi hadi Dilolo mpakani na Angola, reli imechoka na treni inajikokota. Halafu reli hiyo ya Angola anayoisifia ilifufuliwa na Wachina kabla Biden, rais wa Marekani wakati huo, hajafika Lobito Desemba 2024.

"Basi TAZARA?"

Bwana mkubwa, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni kilomita 1,860, kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Kapiri iko Zambia. Ni kweli, Septemba 2025 Wachina walisaini kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30, dola bilioni 1.4. Nawatakia heri. Lakini mzigo wako uko juu ya matairi, mbele yangu, na unasubiri tarakimu moja. Akaniuliza tena itachukua dakika ngapi. Dakika!

Nikala bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nimesimama. Ilikuwa saa tisa au kumi, sikuangalia. Barua ikaja kwenye simu, haina muhuri wa mgodi. Nikapiga tena. Ikaja yenye muhuri, lakini picha imekata namba ya lori. Nikapiga tena, safari hii kwa sauti ambayo mama yangu asingeipenda. Dereva alikuwa amelala chini ya trela, viatu kama mto. Hakuna choo cha maana hapo kwa madereva, na hao ndio wanaobeba shaba ambayo Washington na Beijing wanaigombania.

Ya tatu ikawa sawa. Ofisa akaisoma, akainama kuangalia lakiri mwenyewe, akagonga muhuri. Giza lilikuwa limeshaingia lori lilipovuka. Dereva akapiga honi mara mbili.

Niko nyumbani Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, miguu inawaka. Simu inalia: mteja amenitumia habari nyingine ya reli. Nimemjibu atume kwanza pesa ya maegesho.