Mpini kwanza, mtutu baadaye

Mtu akinishikisha bastola ya shabaha ya .22 nisiyoijua, mtutu wake siuangalii mapema. Natoa magazini, navuta nyuma bolti (chuma kinachoifunga chemba), natazama chemba, tundu linamokaa risasi, kwa jicho na kuipapasa kwa ncha ya kidole mpaka niridhike kwamba ni tupu. Kisha naelekeza mdomo wa mtutu kwenye tuta la kuzuia risasi, kidole nje ya kifyatuo, nafumba macho, nainua mkono kama anayelenga. Nikifumbua, natazama vilengeo. Ikiwa nguzo ya mbele imekaa katikati ya pengo la nyuma bila mimi kupinda kifundo cha mkono, mpini huo unanifaa. Ikiwa imelala kushoto au imezama, basi bastola hiyo na mkono wangu havijaelewana, hata kama ubavuni imechongwa jina kubwa kiasi gani.

Nina sababu ya kuanzia hapo, na ni sababu ya hesabu. Shabaha ya mita 25 ya kulenga taratibu ina duara la kumi lenye kipenyo cha milimita 50, na sehemu nyeusi yote ni milimita 200. Kanuni za ISSF, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinaruhusu umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele usiozidi milimita 220. Sasa chukua nguzo ya mbele iliyosogea milimita moja tu ndani ya pengo. Milimita hiyo, ikisafiri mita 25, inakuwa karibu milimita 114. Umetoka kwenye weusi kabisa, umeangukia sita. Lakini mkono wote ukiyumba sentimita moja huku nguzo na pengo vimebaki vimenyooka, risasi inakwenda pembeni sentimita ileile moja, na bado ni kumi.

Naomba anayeanza aisome aya hiyo mara mbili. Karibu kila mtu anayeshika bastola kwa mara ya kwanza hupambana na kuyumba kwa mkono, kwa sababu ndiko anakokuona. Anakaza misuli, anabana pumzi, anasubiri mkono utulie kama jiwe. Mkono wa mtu aliye hai hautulii hivyo. Kosa linalokula alama ni dogo, halionekani kwa urahisi, na linatokea pale kidole kinapomalizia kuvuta: kiganja kinabana kidogo, nguzo inahama. Ukilielewa hilo, utaona kwamba karibu kila kitu katika umbo la bastola hii kimewekwa ili kulizuia.

Hata risasi yenyewe. .22 Long Rifle ilitoka mwaka 1887 kwa kampuni ya Stevens ya Marekani na mpaka leo haijapata mpinzani kwenye viwanja vya shabaha. Fataki yake, yaani kemikali inayowasha baruti, haiko katikati ya kitako cha ganda kama risasi kubwa. Imetandazwa ndani ya ukingo wenyewe, na pini inapoponda ukingo ule baruti inawaka. Ganda linalopondeka kirahisi namna hiyo haliwezi kubeba shinikizo kubwa, na hiyo ndiyo bahati yetu. Kichwa cha risasi cha gramu 2.6 hivi, chini ya kasi ya sauti, kinapiga teke dogo kiasi kwamba unaweza kuona nguzo ilikuwa wapi risasi ilipotoka. Kwa bastola ya teke kubwa, ushahidi huo unapotea ndani ya mshtuko. Hii ya .22 inakwambia ukweli kila mara, na mimi naipenda kwa hilo kuliko jambo lingine lolote.

Shinikizo dogo limewapa mafundi uhuru mwingine. Hakuna haja ya kufunga bolti kwa makomeo; uzito wake na springi vinatosha kuizuia mpaka risasi iwe imeshatoka mdomoni. Kwa hiyo mtutu unaweza kufungwa kwenye kiunzi usicheze kabisa, na vilengeo vikakaa juu ya kitu kisichosogea. William Ruger, katika bastola aliyoitoa mwaka 1949, alificha bolti ndani ya bomba la chuma, akaweka kilengeo cha nyuma juu ya bomba hilo na cha mbele juu ya mtutu uliofungwa humo. Smith & Wesson, kwa Model 41 yao ya mwaka 1957, waliuendeleza ubavu wa juu wa mtutu kurudi nyuma mpaka ukabeba kilengeo cha nyuma, na slaidi, chuma kinachorudi nyuma pamoja na bolti, ikawa inapita chini yake.

Anayenigusa zaidi ni Mikhail Margolin wa Umoja wa Kisovieti. Jeraha la kichwani lilimpofusha akiwa kijana, akajifunza kubuni silaha kwa vidole, akitumia vielelezo alivyoweza kuvishika. Bastola yake ya shabaha ina kilengeo cha nyuma juu ya daraja dogo lililosimama kwenye kiunzi, slaidi ikipita katikati ya miguu yake. Niliwahi kuishika ya mtu mmoja pale uwanjani. Haina urembo wa bastola za siku hizi, lakini iliingia kiganjani bila kuniuliza swali. Huwa nafikiri kwamba asiyeona alilazimika kuanza na mkono, na mkono ndio mahali sahihi pa kuanzia.

Kampuni ya Walther ya Ujerumani ilipita njia nyingine ilipotoa bastola ya GSP mwaka 1968: magazini ilihamishwa mbele ya kifyatuo. Faida ni mbili. Uzito unasogea mbele, bastola inachelewa kuyumba. Na mpini, kwa kuwa hauna tena magazini ndani yake, unaweza kuchongwa utakavyo. Yangu ni ya ukoo huo wa muundo, ya mtengenezaji mwingine. Wengine wanaona imebinuka mbele mno, hasa katika hatua ya haraka, pale shabaha inapojitokeza kwa sekunde chache tu. Mimi naupenda uzito wa mbele; unanipa muda.

Mpini wangu ulikuja wa saizi ya kati, kwa mtu wa wastani ambaye sijawahi kukutana naye. Kiganja changu ni kipana, gumba fupi. Uvimbe wa mpini unaojaza kiganja ulikuwa juu mno, ukisukuma mdomo kulia kila nilipokaza. Nilianza na tupa, nikala mbao kidogo, nikajaribu kwa kufumba macho kama nilivyoeleza, nikala tena. Pale palipobaki shimo chini ya kidole cha mwisho nilijaza puti ya mbao, nikaishika ingali laini mpaka alama za mkono zikaingia, nikaiacha ikauke, nikapiga msasa. Kazi hii haina haraka. Mbao ukishaitoa hairudi, na ukiongeza puti kiholela utagongana na kanuni: bastola nzima, pamoja na mpini wake, lazima iingie kwenye sanduku la milimita 300 kwa 150 kwa 50. Hizo 50 ndizo za unene, na mwenye kiganja kinene huzifikia upesi. Kibao cha chini kinachobeba ukingo wa kiganja nakiacha na nafasi kidogo, kwa sababu mkono huvimba kwenye joto, na mpini uliobana asubuhi utakuwa kero mchana.

Kifyatuo ni sura ya pili ya jambo hilohilo. Kanuni inataka kisikubali kuachia chini ya gramu 1000, na kabla ya mashindano huning'iniziwa jiwe la kupimia huku mdomo ukitazama juu. Gramu hizo nazigawa hatua mbili. Ya kwanza inachukua sehemu kubwa ya uzito na kufika ukutani, yaani pale kidole kinapokutana na ukinzani. Ya pili ni kile kidogo kilichobaki, kinachoachia kwa ghafla bila kuburuza. Halafu kuna skrubu ndogo inayozuia kifyatuo kisiendelee kukimbia nyuma baada ya kuachia. Wengi huipuuza. Risasi ikiwa bado ndani ya mtutu na kidole kikagonga nyuma kwa nguvu, nguzo itahama, na hesabu ya milimita 114 unaijua sasa. Umbali wa ulimi wa kifyatuo nao nauweka ili sehemu laini ya ncha ya kidole ivute moja kwa moja kurudi nyuma, na kidole chenyewe kisiguse ubavu wa mpini.

Kushika kwenyewe ni kwa mkono mmoja, ule mwingine mfukoni au kwenye mkanda ili usining'inie ukivuta bega. Nguvu ya mshiko iwe ileile kila risasi, na kifundo kiwe kimefungwa. Hapo kuna faida ya pili ambayo haitajwi sana: bolti isiyo na komeo inategemea kiunzi kibaki mahali pake wakati yenyewe inarudi. Kifundo kikilegea, sehemu ya nguvu inapotea, ganda halitoki vizuri, na mtu analaumu risasi. Nalenga chini ya weusi, nikiacha ukanda mweupe kati ya nguzo na duara, kwa sababu nguzo nyeusi juu ya karatasi nyeupe huonekana kingo zake zote. Jicho linakaa kwenye nguzo. Shabaha iwe ukungu, ndivyo inavyotakiwa.

Mama aliyenifundisha ana neno moja kwa kila mwanafunzi anayeng'ang'ania lengo mpaka mkono unaanza kutetemeka: "Shusha, mwanangu. Hiyo imeshapita." Katika hatua ya kulenga taratibu kuna dakika tano kwa risasi tano. Muda upo wa kushusha, kupumua na kuanza upya. Mkono hufundishika kuliko tunavyodhani. Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938, akajifunza kupiga kwa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya bastola ya haraka London mwaka 1948, na tena Helsinki mwaka 1952.

Mazoezi mengi nayafanya bila risasi, lakini kwa tahadhari moja inayohusu aina hii hasa. Kwa kuwa pini inapiga ukingo, chemba ikiwa tupu inaweza kufika mpaka kwenye chuma cha mdomo wa chemba na kuacha kovu, na kovu likikua ganda haliingii wala kutoka sawasawa. Baadhi ya bastola zina kizuizi cha pini, nyingine zina swichi ya mazoezi inayoruhusu kifyatuo kuachia bila pini kugonga. Soma kitabu cha bastola yako kabla. Isiyo na kinga, tia ganda la bandia la plastiki.

Usafi nauweka mfupi. Vichwa vya risasi hizi ni vya metali laini ya risasi (ledi) iliyopakwa nta, na uchafu wake hujikusanya usoni mwa bolti na chini ya kucha inayovuta ganda. Hapo napiga brashi kila nikitoka uwanjani. Mtutu wenyewe nausumbua mara chache. Mikono naiosha kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, maana vumbi la metali hiyo ni sumu.

Ndipo mtutu unapata zamu yake. Ukiwa umeshaupata mpini na kifyatuo, funga bastola kwenye jiliwa la majaribio, piga makundi ya aina tofauti za risasi za kasi ya kawaida, upime upana wa kila kundi. Mitutu ina mapendeleo: miwili iliyotoka kiwanda kimoja inaweza kuchagua risasi tofauti. Wangu ulichagua aina ambayo si ghali zaidi kati ya nilizoweka, na hiyo ndiyo ninayoitunza kwa kulenga taratibu. Zilizobaki nazimaliza kwenye mazoezi ya hatua ya haraka, shabaha inapogeuka kwa sekunde tatu na kujificha sekunde saba, ambako duara la kumi lina kipenyo cha milimita 100.